Nasaba na Ushahidi: Mfano wa Kitau na Manda

Ras Kitau ni ncha ya kisiwa cha Manda inayokabiliana na Shela, ng'ambo ya mkondo uingiao bandari ya Lamu. Asimamaye ufukoni Shela huiona wazi, na mashua huvuka kwa muda mfupi. Leo ufuko wake una hoteli na nyumba za wageni, lakini katika mapokeo ya visiwa hivyo Kitau ni jina la mji. Na wanapotajwa wanawake waliotawala miji ya Waswahili, pamoja na Mwana Mkisi wa Mombasa na Mwana Khadija wa Pate hutajwa Mwana Inali wa Kitau. Mji huo haujulikani kwa khabari iliyoandikwa na watu wake wenyewe. Unajulikana kwa yale waliyoyasema majirani, na baadhi ya majirani hao walikuwa washindi. Kwa sababu hiyo ni mahali pafaapo kupimia suala ambalo wanahistoria na wataalamu wa lugha hukutana nalo kila wanapofungua daftari la masimulizi: atafutaye habari za ukoo aamini nini, kwa masharti gani, na kwa idhini ya nani ayatangaze aliyoyapata.

Suala hili si la anasa. Katika Lamu na vitongoji vyake nasaba haijapata kuwa ukumbusho mtupu. Imetumika kuamua ni nani aliye kufu ya nani katika ndoa, ni nani mwenye haki katika wakfu, ni nani wa kusikilizwa kwanza barazani. Abdul Hamid El-Zein, katika kitabu chake juu ya dini na jamii ya Lamu kilichotoka mwaka 1974, alionyesha jinsi habari za asili zilivyofungamana na daraja za watu. Asemaye kwamba babu yake alitoka mahali fulani aghalabu hajibu swali la historia peke yake. Anajiweka mahali fulani mbele ya wenziwe. Hivyo kila silsila ya majina ni ushahidi juu ya yule aliyeisema kabla haijawa ushahidi juu ya wale waliotajwa ndani yake. Sharti hili ndilo la kwanza, na mengine hayasimami pasipo hilo.

Mfano ulio bora ni Khabari Pate. Maandishi haya yanasimulia ufalme wa Wanabhani tangu Sulaiman bin Sulaiman alipofika Pate mwaka 600 wa Hijra, yaani 1203 au 1204, akamwoa binti wa mfalme wa Wabatawi, akapata enzi kwa ndoa hiyo. Humo ndimo isimuliwamo pia habari ya kushindwa kwa Manda: jinsi mtu wa Manda mwenyewe alivyousaliti mji wake, Pate ikauteka, na mateka wakachukuliwa. Wengi wanaozungumza juu ya miji ya kale ya kisiwa hicho, wajue wasijue, hurudia maneno ya maandishi hayo.

Sasa yafaa kuuliza maandishi hayo yalitoka kwa nani. C. H. Stigand alitoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1913. Alice Werner alitoa matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri yake katika miaka ya 1914 na 1915. M. Heepe akatoa nyingine huko Ujerumani mwaka 1928, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva akazikusanya nakala mbalimbali katika kitabu kimoja. Msomaji wa juujuu ataona mashahidi wengi wanaokubaliana. Lakini nyuzi zikifuatwa, zinaelekea kwa mtu mmoja: Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini, ambaye naye inasemwa aliyapokea kwa babu yake, Bwana Simba. Kitabu cha asili, kwa mujibu wa masimulizi, kiliangamia Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji huo. Kwa hiyo nakala nne zinazoafikiana si mashahidi wanne. Ni shahidi mmoja aliyesikika mara nne, na pale ambapo miaka ya wafalme inatofautiana kati ya nakala na nakala, ni shahidi mmoja ambaye hakusema jambo moja kila mara.

Si haki kumwita Bwana Kitini mwongo, kama walivyokaribia kufanya baadhi ya wahakiki. Alikuwa mtu wa ukoo uliokwisha kupoteza ufalme, akiulizwa na maofisa wa serikali iliyochukua nafasi ya ufalme huo. Alilinda heshima ya wakubwa wake kwa njia aliyoijua. Lakini mtafiti anayemtaja hana budi kuyasema haya yote pamoja na maneno yake: alisema nani, alimsikia nani, alimwambia nani, mwaka gani, katika hali gani. Silsila isiyoandamana na habari hizi ni kama hati isiyo na mashahidi. Kadhi hawezi kuikata wala kuipitisha.

Mwaka 1969 Neville Chittick alichapisha makala yaliyoipinga tarehe ya 1203. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba Pate haikuwa na nguvu katika karne za 13 na 14 kama Khabari inavyodai, na kwamba ukoo wa Wanabhani lazima uwekwe katika wakati wa baadaye sana. Watu wa pwani hawakuipenda hoja hiyo, na si bila sababu. Uchimbaji wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997, ulithibitisha kwamba Pate ni mji wa kale zaidi kuliko Chittick alivyokubali, kwani watu walikaa hapo kabla ya wakati ambao Khabari inamleta Sulaiman. Wako waliosema basi kwamba Khabari imethibitishwa. Hapo ndipo fikra inapoteleza. Ukale wa mji si ukale wa ukoo. Vigae vilivyofukuliwa vinaonyesha kwamba watu waliishi, walipika, walifanya biashara; havisemi kwamba mtawala wao aliitwa Sulaiman, wala kwamba mtu wa leo ni mjukuu wake. Chittick alikosea kuhusu mji, na bado anaweza kuwa na haki kuhusu ukoo. Mambo mawili yalifungwa katika furushi moja, na kila upande ukalibeba lote au kulitupa lote.

Vivyo hivyo kuhusu Manda. Chittick mwenyewe alichimba huko, na katika kitabu chake cha mwaka 1984 alionyesha kwamba mji huo ulikuwa bandari yenye bidhaa za Ghuba ya Uajemi katika karne ya 9. Aliona humo mkono wa wahamiaji kutoka Ghuba. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ulidhihirisha baadaye makazi ya Waafrika yaliyoanza katika karne ya 8 na kukua hatua kwa hatua, na fikra ya mji ulioletwa na wageni ikadhoofika. Hata mwakiolojia basi huja na nasaba yake akilini. Kutoka karne ya 9 hadi leo ni vizazi vipatavyo 38, kila kizazi kikikadiriwa miaka 30. Ukoo unaodai kushuka moja kwa moja kutoka Manda hiyo hauna budi kuonyesha vizazi hivyo, au kukiri mahali ambapo mnyororo umekatika. Kukiri si aibu. Aibu ni kuunganisha pengo kwa majina ya kuazima.

Kuazima kwenyewe ni jambo la kawaida kuliko inavyodhaniwa. Khabari Pate inaanza na Abdul Malik bin Marwan, khalifa wa Damascus, ambaye inasemwa alituma watu kujenga miji ya pwani. Khabari ya Lamu, iliyoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy mwaka 1897 na kuchapishwa na William Hichens mwaka 1938, nayo inamtaja khalifa huyo. Miji miwili iliyopigana vita Shela mnamo 1812 inadai mwanzilishi mmoja. Mapatano ya namna hii hayaongezi nguvu ya ushahidi; yanaonyesha tu kwamba mapokeo yalisikilizana, na huenda yalishindana, kabla hayajaandikwa.

Wataalamu wa lugha wana kazi yao maalumu hapa, na ajabu ni kwamba wanahistoria mara nyingi hawawaiti. Jina la mji wenyewe huandikwa Kitau na Kitao. Wako waliotafuta maana katika tofauti hiyo. Lakini hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu, katika mtindo wake wa zamani, hazitofautishi u na o, wala i na e. Herufi ya p mara nyingi huandikwa kama b, na sauti za mb na nd huweza kuandikwa b na d tu. Tofauti ya Kitau na Kitao basi yaweza kuwa imezaliwa mezani kwa mfasiri wa Kizungu, si kinywani mwa mwenyeji. Mtafiti wa koo anayesoma nakala ya Kirumi bila kuuliza herufi za asili zilikuwaje anaweza kumpata babu ambaye hakuwako, au kuwatenga ndugu wawili kwa sababu mmoja ameandikwa kwa o na mwingine kwa u.

Majina ya watu yana mitego mikubwa zaidi. Desturi ya kumpa mjukuu jina la babu huzaa silsila kama Muhammad bin Omar bin Muhammad bin Omar, na mnukuzi aliyechoka, jicho lake likiruka kutoka Omar mmoja hadi mwingine, huangusha vizazi viwili kwa mara moja. Tena katika orodha ya Pate wamo Bwana Tamu Mkuu na Bwana Tamu Mtoto. Asiyezoea atasema mara moja kwamba huyu wa pili ni mwana wa yule wa kwanza, na hali maneno hayo peke yake hutenganisha tu wawili wenye lakabu moja. Ndugu aweza kuwa wa tumbo moja, au mtoto wa ami, au mtu wa mtaa. Na Mwana katika Mwana Inali, kama katika Mwana Kupona, ni neno la heshima kwa mwanamke muungwana, lenye maana ya Bibi. Karani aliyejifunza Kiswahili cha bara huweza kulijaza katika safu ya watoto.

Nisba ndiyo iaminiwayo kuliko yote, nayo ndiyo inayohitaji tahadhari kuliko yote. Aliyeachwa huru, kwa sheria ya walaa, alibaki na uhusiano na jamaa ya bwana wake wa zamani, na mara nyingi yeye na watoto wake walijulikana kwa jina la ukoo huo. Nisba basi yaweza kuonyesha damu, yaweza kuonyesha walaa, yaweza kuonyesha mji tu aliotoka mtu. Isitoshe, silsila hupita kwa wanaume. Mama hukatwa. Khabari Pate, ambayo imejaa majina ya wanaume, yenyewe yakiri kwamba enzi ya Wanabhani ilipatikana kwa ndoa na binti wa mwenyeji. Bila huyo mwanamke hakuna ufalme wa kusimulia. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, uliopima mabaki ya watu 80, wakiwamo waliozikwa Manda, ulionyesha jambo lililo karibu na hilo: katika wengi wa watu wa miji ya pwani zaidi ya nusu ya urithi wa damu ilitoka kwa mama wa Kiafrika, na sehemu kubwa ya urithi wa Asia, hasa wa Uajemi, ilitoka kwa wanaume waliochanganyika na wenyeji tangu karibu mwaka 1000. Silsila za baba zilihifadhi upande mmoja wa nyumba.

Hata hivyo utafiti huo wahusu watu kwa jumla. Haumtajii mtu aliye hai babu yake. Mwaka 2013 Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walitangaza kupatikana kwa sarafu ya Yongle huko Manda, sarafu iliyotolewa China katika enzi ya 1403 hadi 1425. Miaka minane kabla yake, msichana mmoja wa kisiwa cha Pate alikuwa amekwisha kupelekwa China kusoma, akitangazwa kuwa kizazi cha mabaharia wa Zheng He waliovunjikiwa na jahazi karibu na Shanga. Magazeti yalifurahi. Lakini sarafu husafiri kutoka mkono hadi mkono, na yaweza kufika Manda bila Mchina yeyote kuiona Manda. Tena mtoto aliyebebeshwa karne sita za uhusiano wa nchi mbili mabegani mwake hakuulizwa na magazeti hayo kama mzigo huo ni wake.

Nje ya Afrika ya Mashariki uko mfano ambao kila mtafiti wa koo yampasa kuujua. Alex Haley, Mmarekani mweusi, alifika kijiji cha Juffure, Gambia, mwaka 1967, akasimuliwa habari za babu yake Kunta Kinte. Kitabu chake cha 1976 kilisomwa dunia nzima. Mwaka 1981 Donald Wright alionyesha kwamba msimulizi wa Juffure alikuwa amekwisha kujua mgeni anatafuta nini kabla hajafungua kinywa, na kwamba alilosema halikuthibitishwa na wasimulizi wengine. Mwaka huohuo Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walionyesha kwamba hati za Virginia nazo haziafikiani na kitabu. Msiba wa Waafrika waliouzwa haupunguzwi na jambo hilo hata kidogo. Lakini swali lililotangulizwa lilizaa jibu, na adabu ya mwenyeji kwa mgeni, ambayo pwani yetu nayo inasifika kwayo, ilisaidia uzazi huo. Anayefika Shela na kuuliza, "Je, ninyi si watu wa Kitau?" atajibiwa ndiyo.

Yawezekana kuuliza vizuri zaidi. Mapokeo ya Shela yanasema kwamba wakazi wake walitoka kisiwa cha Manda, na kuhusu Takwa mapokeo hayo yana mguu wa pili wa kusimamia: huko liko kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijra, yaani karibu 1683, na watu wa Shela wamekuwa wakilizuru na kuomba mvua. Jiwe halikumsikia Bwana Kitini. Ziara haikuanzishwa kwa ajili ya mtafiti. Huo ni ushahidi wa njia mbili zisizotegemeana, na hiyo ndiyo maana halisi ya kuthibitisha. Lakini nguvu yake haiwezi kuhamishiwa Kitau kwa sababu ya ujirani tu.

Lililobaki ni gumu kuliko yote, nalo ni haki ya walio hai. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wajukuu wa walioachwa huru wanaishi mtaa mmoja na wajukuu wa waliowamiliki, wanaswali msikiti mmoja, wameoana. Daftari la mtafiti laweza kuwa na ukweli ambao ukisomwa hadharani utavunja posa. Wapo wanaosema ukweli ni ukweli, na historia haina budi kusemwa. Wapo wanaosema ayajuaye ayafunike. Wote wawili wanachanganya mambo mawili. Kunyamaza si kubadilisha. Mtafiti ana ruhusa ya kuliacha jina, na mara nyingi ni wajibu wake. Hana ruhusa ya kumpa mtu babu mwingine ili kumfurahisha. Aandike kwamba sehemu hii imeachwa kwa ombi la wenyewe, wala asiizibe kwa nasaba ya kubuni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inawakinga walio hai. Adabu ya Waamu, iliyo ya kale kuliko sheria hiyo, huwakinga na waliokufa pia. Tena idhini ya mzee mmoja si idhini ya ukoo. Anayesimulia habari za shangazi yake hasimulii mali yake peke yake, na yafaa upande wa mama uulizwe kabla daftari halijafungwa.

Ardhi nayo ipo. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa pwani wathibitishe milki zao au ardhi ihesabiwe kuwa ya Serikali, maneno ya wazee juu ya nani alikaa wapi yamekuwa na thamani ya fedha. Kiwanja cha ufukoni huko Ras Kitau si jambo dogo leo. Silsila iliyokusanywa kwa ajili ya lugha au historia yaweza kufika mahakamani miaka 20 baadaye mikononi mwa mtu ambaye msimulizi hakumjua. Mtafiti mwaminifu humweleza msimulizi hatari hiyo kabla ya kufungua daftari, kwa Kiswahili anachokielewa, na humwachia nakala ya aliyoyaandika. Wengi walioandika juu ya visiwa hivi hawakuacha nakala yoyote. Vitabu vyao viko London na Berlin, na wajukuu wa wasimulizi huvisoma, wakivisoma, kwa tafsiri ya Kiingereza.

Kuhusu Mwana Inali, basi, linaloweza kuandikwa katika jalada la ukoo wowote wa Shela kwa hali ya sasa ni hili: kwamba anatajwa na mapokeo kuwa mtawala mwanamke wa Kitau, kwamba jina la mji lasomeka pia Kitao, na tofauti hiyo yaweza kutokana na hati, kwamba Khabari Pate, iliyopokewa kwa Bwana Kitini, inasimulia kuanguka kwa Manda kwa ulimi wa upande ulioshinda. Chini yake liandikwe jina la msimulizi, ikiwa ameruhusu, tarehe aliyosema, na swali aliloulizwa, neno kwa neno. Mstari unaomuunganisha Mwana Inali na mtu aliye hai uachwe wazi.